Maswali yenu kwa Maalim: Kijiji kimoja kinachukua viti vyote vya kamati ya skuli, tufanyeje?

Toleo hili nimeyaweka pamoja maswali yote ya mambo ya kuchaguana, mana yamekuja mengi na mengi yanafanana, kamati za skuli, kamati za wavuvi, masheha, na mmoja katuandikia kutoka California. Naanza na la Pemba kwa sababu ndo limeniuma zaidi na ndo lina maneno mengi.

*Assalaam alaykum Maalim. Mie mzazi wa huku Wilaya ya Micheweni. Skuli yetu inachukua watoto wa vijiji vitatu. Kila ukifika wakati wa kuchagua kamati tunaitwa mkutano, tunaambiwa tuchague wajumbe saba wa wazazi, majina yanasomwa moja moja na kila mtu ananyoosha mkono kwa kila jina analolitaka mpaka afike saba. Basi wenzetu wa kijiji kikubwa wanakuja na majina yao saba wameshapanga tokea nyumbani na wote saba wanapita. Sie wa upande wa pili wa mikoko hatujapata hata mjumbe mmoja mpaka leo. Mwaka jana pesa zilizotumwa na watu wetu walioko Bara na Uarabuni zimepiga rangi ukuta wa mbele na kununua geti, na daraja la mbao wanalopita watoto wetu maji yakijaa limeachwa ivo ivo, mbao tatu zimeng'oka, watoto wanaruka na mikoba kichwani. Tukisema tunaambiwa mmeshindwa kwa kura, nyamazeni. Jee ndo haki hiyo? – Mzazi wa watoto watatu, Micheweni*

Waalaykum salaam mwanangu. Kura ni haki, hilo halina mjadala, lakini namna mnavyozipiga na mnavyozihesabu ndo inayoamua nani apate nini, na kwenu nyie mambo yanaamuliwa kabla mtu hajanyanyua mkono. Hebu tupige hesabu. Tuseme wazazi waliokuja ni 300, kijiji kikubwa 160, cha kati 80, nyie 60. Kila mzazi ana mikono saba. Wale 160 wakishikamana na majina yao saba, kila jina lao linapata 160. Nyie na kijiji cha kati hata muungane wote asibaki mtu nyumbani mnafika 140. Kwaiyo mtu wao wa mwisho kabisa, yule hata wenyewe hawamjui vizuri, anamshinda mtu wenu bora kuliko wote. Watu 160 kati ya 300 ni asilimia 53 tu lakini viti wamechukua vyote saba, na hakuna alieiba wala alieghushi. Mtindo wenyewe ndo unaotoa jibu hilo kila mara, na utaendelea kulitoa mpaka mkae muubadilishe.

Njia ya kwanza ya kubadilisha ni kugawa viti kwa vijiji, kila kijiji kinakaa peke yake kinachagua watu wake. Kwa hesabu ile ile ya 300, kijiji kikubwa kitapata viti 4, cha kati 2, nyie 1. Angalia kwamba kijiji kikubwa bado kina wajumbe wengi kuliko wengine na hakijaonewa, 4 kati ya 7, lakini sasa kuna mtu ndani ya chumba anaejua lile daraja lina mbao ngapi zimeng'oka. Mjumbe mmoja hawezi kushinda kura ya kikao, hilo kweli, ila anaweza kuuliza, anaweza kutaka iandikwe kwenye muhtasari kwamba kauliza, na watu wakijua suala lao linasomwa mbele ya mwalimu mkuu kila kikao mambo huanza kusogea.

Njia ya pili ni kila mzazi awe na kura moja tu, halafu saba waliopata nyingi ndo wanaingia, bila kugawa vijiji. Watu wengi hawaiamini mpaka waihesabu kwa vidole vyao. Viti 7, kura 300. Mtu akipata kura 38 hawezi kukosa kiti. Kwa nini? Kwa sababu ili akose lazima wawepo watu saba wengine waliompita au kufanana nae, yani watu wanane kila mmoja na 38 au zaidi, na 38 mara 8 ni 304, na kura zenyewe ziko 300 tu, haiwezekani. Nyie mko 60, mkikubaliana mtu mmoja kapita asubuhi na mapema. Kijiji cha kati wako 80, wakijigawa 40 kwa 40 wanapitisha wawili. Kijiji kikubwa 160 wanapitisha wanne. Majibu yale yale ya 4, 2, 1, na hakuna aliechora mpaka popote.

Lakini njia hii ina ubaya wake na lazima niuseme. Ikiwa kijiji kikubwa wana maalim mmoja anaependwa na watu 130 wakamrundikia yeye, wamebakiwa na kura 30 tu za kugawana wenzake, wanaweza wakaambulia kiti kimoja au viwili wakati wao ndo wengi, na hapo watalalamika wao na watakuwa na haki. Dawa ya hilo wenzetu wa Ireland na Malta wanaitumia miaka mingi, na Scotland wameiingiza kwenye halmashauri zao mwaka 2007, mpiga kura anaandika 1, 2, 3 kwa mpangilio wa anaowataka, na mtu akishapata zinazomtosha zile za ziada zinahamia kwa chaguo la pili. Kule Marekani mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, wanachagua hata kamati yao ya skuli kwa mtindo huo tokea 1941. Ni mtindo mzuri sana. Ila kwa mkutano wa chini ya mwembe ambao watu wanataka kurudi nyumbani kabla ya magharibi, kuhesabu kwake kunachosha na alie nyuma hatoelewa kura yake imekwenda wapi, na watu wakishindwa kuelewa wanaanza kushuku.

Kwaiyo kwa nyie mie nasema gaweni kwa vijiji. Vijiji vyenu vinajulikana, havijachanganyika, kila mtu anajua mwenzake analala wapi. Ila mipaka na idadi ya viti ifuateni kwa daftari la wanafunzi wala sio kwa kukisia, na kila uchaguzi mpya daftari lifunguliwe upya, kijiji kikikua nacho kipate haki yake. Nalitilia mkazo hili kwa sababu sie Wazanzibari tunajua mipaka inaweza kufanya nini. Uchaguzi wa Julai 1963 ulikuwa na majimbo 31, chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata kama asilimia 54 ya kura zote za nchi nzima na kikapata viti 13, vyama viwili vilivyoungana dhidi yake, ZNP na ZPPP, vikawa na 18 na wao ndo wakaunda serikali. Kura za ASP zilikuwa nyingi mno kwenye majimbo waliyoshinda na zikawa hazitoshi kwenye mengine. Sitaki kufungua mjadala wa chama gani, wazee wetu wameumizana vya kutosha, nataka tu mjue kwamba kugawa kwa maeneo peke yake hakuleti uadilifu, inategemea nani kachora na kachora wapi. Kwenye skuli yenu asichore mjumbe wa kamati inayomaliza muda wake.

*Maalim, mie mzaliwa wa Malindi, Mjini, sasa naishi California na uraia nimeshapata. Skuli za huku zinaongozwa na bodi inayopigiwa kura. Zamani nilikuwa napigia wajumbe wote, juzi imekuja karatasi ya kura haina hata jina moja la bodi ya skuli, jirani yangu wa mtaa wa tatu yeye kapata. Nimefutwa au vipi? – Mama wa wawili, California*

Hujafutwa dada yangu, tulia. Kilichotokea huko kwenu ni jambo lile lile analolia mwenzio wa Micheweni, ila nyie mna sheria yake. California ilipitisha mwaka 2002 sheria yake ya haki za wapiga kura, inayosema kwamba ikiwa eneo zima linachagua wajumbe wote kwa pamoja, na watu wa jamii moja wanapiga kura upande mmoja na wa jamii nyengine upande mwengine kiasi kwamba walio wachache hawawezi kumpata mtu wao, basi wanaweza kwenda mahkamani. Ilikuja juu ya sheria ya nchi nzima ya 1965, lakini hii ya California ni nyepesi zaidi kwa mlalamikaji, mana haimlazimishi athibitishe kwanza kwamba jamii yake inaweza kuwa wengi ndani ya eneo moja litakalochorwa. Wilaya za skuli na miji mingi wakiletewa barua ya wakili hawasubiri kesi, wanabadilisha wenyewe wanagawa maeneo, kwa sababu kesi ni ghali, na sheria inawapa muda wa kujirekebisha na imeweka kiwango cha gharama anazorudishiwa alieleta barua, kilianzia dola 30,000 na kinapandishwa kila mwaka kwa kufuata bei za vitu. Kabla ya ramani kuchorwa lazima waite mikutano miwili ya wananchi kwa uchache, na zikishachorwa mengine miwili.

Sasa kuhusu karatasi yako. Wajumbe wa bodi kwa kawaida wanakaa miaka minne na hawachaguliwi wote siku moja, nusu mwaka huu na nusu baada ya miaka miwili. Zamani ulikuwa unapiga kila mara kwa sababu ulikuwa unapigia wote. Sasa una kiti kimoja tu cha eneo lako, na bila shaka zamu yake ni uchaguzi unaofuata. Eneo la jirani yako zamu yake ndo mwaka huu. Nenda ofisi ya uchaguzi ya kaunti au ingia kwenye tovuti yao uulize vitu viwili, eneo langu nambari ngapi na kiti chake kinapigiwa mwaka gani. Na sensa ikitoka kila baada ya miaka kumi ramani inaangaliwa upya, mikutano hiyo nenda, khasa nyie wageni, mana mkinyamaza mnaweza mkajikuta mtaa wenu mmoja umekatwa vipande vitatu na kila kipande kimetiwa kwa watu wengine. Ukiwa na hamu ya kufuatilia angalia Portland, Oregon, waliamua kwa kura 2022 na wakafanya kwa mara ya kwanza 2024, mji maeneo manne, kila eneo wajumbe watatu, na mpiga kura anapanga 1, 2, 3. Mie hiyo ndo naiona nzuri kuliko kiti kimoja kwa eneo moja, kwa sababu hata alie mchache ndani ya eneo lake anabaki na nafasi.

*Maalim kwani sheha kwa nini hatumpigii kura sie wenyewe, mbona Bara wanachagua wenyeviti wao? – Kijana, Fuoni*

Kwa sababu sheria yetu ya tawala za mikoa inasema sheha anateuliwa na mkuu wa mkoa. Yeye ni mkono wa serikali kuu katika shehia, yani eneo dogo kabisa la utawala huku kwetu, tafauti na diwani ambae unampigia kura kwenye wadi yako siku ya uchaguzi mkuu chini ya Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar. Bara ni sheria nyengine, kule mwenyekiti wa kijiji, wa mtaa na wa kitongoji wanapigiwa kura kila miaka mitano, mara ya mwisho ilikuwa 27 Novemba 2024. Kwa maoni yangu ingefaa na sie tuchague, kwa sababu sheha ndo anaetia saini karatasi zetu za kila siku na ndo wa mwanzo kusuluhisha ugomvi wa kiwanja, na anaejua kwamba baada ya miaka mitano atarudi kwa watu atawasikiliza kwa namna nyengine. Lakini hilo ni la kubadilisha sheria, mlango wake ni mwakilishi wako katika Baraza la Wawakilishi, barua yako mpelekee yeye.

*Shikamoo Maalim. Sie wanawake tunaolima mwani huku Wilaya ya Kusini tunataka kuingia kamati ya wavuvi ya shehia, kwa sababu wao ndo wanaopanga bahari ifungwe wapi na ifunguliwe lini na sie kamba zetu ziko humo humo. Kila mkutano wanapita wanaume watupu. Tunanyoosha mikono lakini wengine wanaogopa kunyoosha mume au shemeji akiwa pale mbele. – Bi wa mwani*

Marahaba Bi mkubwa. Nyie mko baharini tokea mwani ulipoanza pwani yenu ya mashariki mwaka 1989, pesa zenu zimesomesha watoto, halafu kwenye kikao cha bahari hamna kiti, hili jambo halikai.

Nakuuliza kitu kimoja, mkutano wa uchaguzi ulifanyika siku gani ya mwezi? Mana nina wasiwasi ulikuwa bamvua, siku ambazo maji yanajaa na kutoka sana. Bamvua maji yakitoka ndo mko chini kwenye vigingi mnafunga na kuvuna, mkipanda juu mnakuta mkutano umeshavunjwa na majina yameshaandikwa. Kabla ya jambo lolote dai kwamba mkutano wa kuchagua uwekwe maji mafu, siku ambazo hamshuki. Pengine ukifanya hilo tu ushapata nusu ya unachotaka.

La pili ni mikono. Mkono ukinyanyuliwa kila mtu kauona, na mwanamke anarudi na huyo shemeji nyumba moja. Kenya mwaka 1988 walichagua kwa mlolongo, watu wakajipanga nyuma ya mgombea au picha yake hadharani, na aliepata zaidi ya asilimia 70 kwenye foleni alipita moja kwa moja bila ya sanduku, malalamiko yake yalikuwa makubwa mno na mtindo ukaja kuachwa. Uganda wamechagua viongozi wao wa vijiji kwa kujipanga hivo hivo Julai 2018. Watetezi wake wanasema ni rahisi na haina gharama na kila mtu anaona hesabu, hayo ni kweli, lakini anaeumia ni yule asiekuwa na nguvu mtaani kwake. Kura ya siri nayo haigharimu kitu. Karatasi ndogo zilizokatwa sawasawa zikagongwa muhuri wa shehia, ndoo ya rangi yenye mfuniko mkautoboa kati, kitenge kimetundikwa pembeni mtu akaandike nyuma yake. Kwa asiesoma, kila mgombea apewe alama, ngalawa, pweza, nazi, kasa, alama zichorwe kwenye karatasi na mtu atie tiki. Kura zihesabiwe pale pale mbele ya wote, kila karatasi inainuliwa juu inaonyeshwa.

La tatu, viti vya wanawake viwekwe rasmi kabisa. Hapa kwetu Baraza la Wawakilishi lina viti maalum vya wanawake asilimia 40 ya idadi ya wajumbe wa majimbo, Bara halmashauri ya kijiji robo lazima wawe wanawake, India waliandika kwenye katiba yao 1992 kwamba thuluthi moja ya viti vya mabaraza ya vijiji ni vya wanawake. Ila khiyari yangu ni kwamba wanawake wenyewe ndo wachague hao wa viti vyao, wakitajwa na wanaume wa kamati watatajwa walio wapole.

*Kamati yetu ya maji tuko sita. Kila jambo tatu kwa tatu. – Mjumbe, Wete*

Ongezeni mmoja au punguzeni mmoja, idadi iwe witiri. Januari 1961 Zanzibar ilichagua viti 22, ASP 10, ZNP 9, ZPPP 3, na wale watatu wakagawika wawili huku mmoja kule, ikawa 11 kwa 11 na serikali haikuweza kuundwa, uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka ule ule na viti vikafanywa 23. Na kama kuongeza haiwezekani leo andikeni kwamba mwenyekiti ana kura ya uamuzi, lakini muandike kabla ya ugomvi unaofuata haujaanza.

*Maalim nimesoma majibu yako ya nyuma kuhusu kamati, nakubali, lakini kwetu mzee alieshika uenyekiti ni mtu mkubwa na kila alietaka kubadilisha utaratibu anaambiwa anamvunjia heshima. Tunaanzaje? – Mwalimu, Kaskazini A*

Mwalimu, kosa la wengi ni kuleta hoja ya kubadilisha siku ile ile ya uchaguzi, hapo lazima ionekane imemlenga mtu. Ileteni katikati ya muhula, kusiwe na mgombea wala kampeni, na semeni wazi kwamba itaanza uchaguzi ujao na walioko sasa wanamaliza muda wao wote kwa heshima zao. Mwendeeni yeye kwanza, nyumbani, watu wawili watatu na mmoja awe wa rika lake, mumueleze kabla hajaisikia barazani. Mkimuomba yeye ndo aifungue hoja kwenye mkutano mara nyingi anakubali, kwa sababu mzee hakatai kubadilisha, anakataa kubadilishiwa.

Kwa mwalimu mkuu ombeni mwongozo wa wizara wa kamati za skuli muusome, mjue nani anaingia kwa cheo chake na viti vipi ni vya kupigiwa na wazazi, mana hivo vya cheo hamna mamlaka navyo na mkivigusa hoja nzima itakufa. Siku ya mkutano wekeni mifano ya hesabu ubaoni kwa chaki, viti ngapi, kura ngapi, kila kijiji kinapata nini kwa mtindo wa zamani na kinapata nini kwa mpya, watu wakiona namba maneno yanapungua. Waliokubali na waliokataa wahesabiwe, idadi iandikwe, muhtasari usomwe pale pale kabla watu hawajaondoka, watie saini wawili kutoka kila kijiji, nakala moja ibaki kwa mwalimu mkuu, moja kwa sheha, na moja mtu apige picha aiweke kwenye grupu la WhatsApp la wazazi usiku huo huo.